Ukurasa Niliotaka Kumficha Mwalimu Katunge

Vijana wangu wa karakana, funguo nimewaachia, mashine tatu nimewaachia, na ile birika isiyo na mfuniko pia ni yenu. Sasa mnataka niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Nitaandika. Lakini mjue mnaandikiwa na mtu aliyeacha shule darasa la nne, na bado mikono yake imepanga vitabu vingi kuliko vile wengi wenu mmesoma. Sijisifu. Nasema tu mambo yalivyo, na mwenye kubisha aje Katelembo, siku hizi niko nyumbani mchana kutwa.

Ya mishahara na vyeo siandiki. Hapo kila mtu hudanganya. Nitaandika juu ya herufi, juu ya mzee aliyenifundisha, na zaidi juu ya Mwalimu Katunge, yule mama wa Mwala aliyeandika vitabu vya watoto ambavyo nyinyi nyote mlivisoma mmevificha chini ya dawati, mkiogopa na kucheka kwa pumzi moja. Kwamba mimi ndiye nilivichapisha, mnajua, nimewaambia mara nyingi. Ambacho sijawahi kumwambia mtu ni kwamba kile cha mwisho nilitaka kitoke bila ukurasa wake wa mwisho, na nilijaribu kumdanganya mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kushika kalamu.

Niliingia kazi hii mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitoka kubeba mifuko ya simiti Athi River. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa nyuma ya soko la Machakos, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza nilifagia vizuri sana, mpaka nikafagia na herufi. Mzee Nzioka, mpangaji wa herufi, akaniita. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na alikuwa amejifunza kazi kwa wamisionari.

"Wewe wa simiti," akasema, "unajua umebeba nini kwenye hicho kizoleo chako?"

"Takataka, Mzee."

"Hizo ni herufi kumi na moja. Zitafute zote. Ukimaliza, nitakuonyesha mahali zinalala."

Nilizitafuta zote kwa magoti. Kisha akanionyesha kasha: sanduku pana la mbao lenye vyumba vidogo, kila chumba na herufi yake ya madini ya risasi. Unashika stiki, kile kichuma cha mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unaokota herufi moja moja mpaka mstari ujae. Na herufi zote zimegeuzwa, kama mtu kwenye kioo. Wenye masomo walisumbuka miezi kabla ya kuzoea. Mimi nilizoea kwa wiki tatu. Macho yao yalikuwa yameshafundishwa upande mmoja, yangu hayakuwa yamefundishwa upande wowote. Mpaka leo nasoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu kwa urahisi kuliko langu mwenyewe.

Mzee Nzioka hakuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo yalitosha. "Nawa kabla ya kula," aliniambia. "Risasi haina haraka. Inaweza kukungoja miaka ishirini." Nyinyi mnaokula chapati mbele ya kompyuta hamjui raha mliyo nayo.

Kuna jambo moja la makasha yale lazima mlielewe, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Herufi zilitoka Uingereza, zimehesabiwa kwa kupanga Kiingereza. Herufi ya e ilikuwa tele, ya t tele, za q na x zilikaa na vumbi lao. Lakini k, w, a, hizo ambazo Kiswahili hakitembei bila hizo, zilikuwa kidogo. Ukipanga kurasa nne za Kiswahili, chumba cha k kinabaki mbao tupu. Inabidi uchapishe kurasa ulizopanga, uzivunje, urudishe kila herufi kwenye chumba chake, ndipo upange kurasa zinazofuata. Kitabu kizima hakikuwahi kusimama mbele yako kwa wakati mmoja. Kilipita kwenye mikono vipande vipande, kama gari moshi linavyopita dirishani.

Mwalimu Katunge alikuja nikiwa na miaka miwili kwenye kasha. Ilikuwa Jumanne. Mama mfupi, kitambaa kichwani, kiondo begani, viatu vya mpira vyenye vumbi jekundu la Mwala. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Ndani ya kiondo, chini ya viazi vitamu, alitoa daftari.

"Hii ni hadithi ya watoto," akamwambia Mzee Nzioka. "Iko na damu kidogo."

Mzee akanipa mimi. Nilidhani ananidharau, kazi ya watoto kwa mtoto wa kazi. Nikaanza kupanga. Sasa, kupanga kwa mkono si kusoma. Unaenda herufi kwa herufi, na kwa mtu wa darasa la nne maana hufika ikiwa imechelewa, kama mgeni wa mbali. Hadithi ilikuwa ya mwalimu mkuu aliyependa kuchapa watoto. Siku moja aliinua mkono wenye kiboko, na mkono ukakataa kushuka. Akaishi hivyo. Akaoga hivyo, akaenda kanisani hivyo, na kila mchungaji alipouliza ni nani ameokoka, mkono wake ulikuwa juu tayari. Akaokoka mara arubaini. Mke wake akaanza kuanika nguo juu yake. Mwishowe akafa, na kwa sababu ya ule mkono jeneza likakataa kufungwa, ikabidi seremala aache tundu. Na mkono ukabaki nje ya kaburi, na watoto wa shule wakipita wanausalimia.

Nilipofika kwenye tundu la jeneza stiki ilinidondoka. Mstari mzima ukamwagika. Nilikuwa nacheka, na pia nywele za shingo zilikuwa zimesimama, kwa sababu mimi nilikuwa namjua mwalimu mkuu wa aina hiyo, na mgongo wangu ulikuwa unamjua zaidi. Sikuwa nimejua kwamba kitu kama hicho kinaruhusiwa kuandikwa.

Na hapo ndipo nikafanya kosa langu la kwanza. Ukurasa wa tano ulisema kuku kumi na wawili wakapanda juu ya mkono wa mwalimu mkuu wakakaa. Soma mwenyewe uone k ziko ngapi. Chumba kilikuwa tupu. Badala ya kuvunja ukurasa, mimi fundi wa miaka miwili nikaamua kumsaidia mama wa watu. Nikaondoa kuku, nikaweka bata watatu.

Jumanne iliyofuata akaja kusoma pruf, yaani ile karatasi ya kwanza ya kuangalia makosa. Akasoma mpaka ukurasa wa tano, akavua miwani.

"Nani amepanga hapa?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Unaitwa nani?"

"Musyoka."

"Musyoka, hawa bata wametoka wapi?"

"K ziliisha, Mwalimu. Nikaona ndege ni ndege."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Mwala."

"Mwala uliona bata wapi? Mwala watu hawana maji ya kuoga, bata ataogelea kwenye nini? Tena bata hapandi mkono. Mguu wake ni kama kijiko." Mzee Nzioka alikuwa amegeuka ukutani, mabega yanatikisika. Mwalimu hakucheka. Akasema polepole, kama anayefundisha hesabu: "Mtoto wa Mwala ananiamini juu ya mkono uliokataa kushuka kwa sababu kuku ni kuku wa kwao. Akiona bata, atajua nadanganya. Ukishadanganya kwa kuku, huwezi kuaminiwa kwa jeneza."

Nimesikia mahubiri mengi na hotuba za wakubwa. Hakuna iliyonikaa kama hiyo. Nikavunja ukurasa, nikapata k zangu, na kuku wakarudi wote kumi na wawili.

Baada ya hapo alileta hadithi karibu kila mwaka, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa ila mimi. Ya msichana mwongo ambaye meno yake yalichoka kutumiwa vibaya, yakahama moja moja usiku, yakaenda kupanga chumba Athi River na kuandikwa kazi kiwandani. Ya ndugu watatu waliogombania kitanda cha baba yao kabla baba hajafa, mpaka kitanda kikasikia, kikasimama kwa miguu yake minne, kikambeba mzee kikaondoka naye, na wale ndugu wakabaki wakigombania mahali kilipokuwa kimesimama. Mchungaji mmoja alikuja kiwandani kulalamika kwamba vitabu vile vinaogopesha watoto. Alilalamika kwa urefu, akataja mifano, akataja mpaka kurasa. Alipotoka alinunua viwili.

Siku moja nilipeleka vitabu shule moja ya Mwala kwa mkokoteni wa punda, kwa sababu mvua ilikuwa imekula barabara. Nilimkuta Mwalimu mwenyewe akilisomea darasa. Watoto kama sitini, wengine watatu kwa dawati la wawili. Nimesimama mlangoni na boksi kichwani. Alikuwa anasoma kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza bei ya maharagwe. Kitanda kikasimama. Hakuna mtoto aliyepumua. Kitanda kikatoka mlangoni. Msichana mmoja akashika mkono wa mwenzake akaufinya. Halafu ndugu wakaanza kugombania mahali palipo wazi, na darasa likalipuka, sitini kwa pamoja, mpaka punda wangu nje akaitika. Niliteremsha boksi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kila herufi ya hadithi ile kwa vidole hivi, nilijua inaenda wapi, na bado nilikuwa nimeogopa. Nikasema moyoni, Musyoka, wewe ni fundi hodari, lakini hapa unashika tu taa.

Miaka ikaenda. Mzee Nzioka akapumzika, Mungu amlaze pema. Mwenye kiwanda akanunua mashine mpya, herufi za risasi akataka kuziuza kama chuma chakavu. Nikazichukua mimi, makasha yote, na mashine ya kukanyaga kwa mguu, nikafungua karakana yangu mwenyewe, hiyo mnayokaa sasa. Hakuna aliyenishika mkono. Mwalimu Katunge akanifuata. Alisema zile mashine mpya zinafanya maneno yateleze. Mimi namwamini.

Lakini macho yake yalikuwa yanaondoka. Kila mwaka herufi zake kwenye daftari zilikuwa kubwa zaidi, mpaka ikawa maneno matatu kwa mstari, kila herufi kama kuku aliyelala. Mimi peke yangu niliweza kuyasoma. Pruf alikuwa hawezi tena. Kwa hiyo tukafanya vile mafundi wa zamani walivyofanya: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasikiliza, na unasoma kila kitu, hata alama. Unasema "koma", unasema "nukta", unasema "fungua usemi, funga usemi". Mtu wa nje akisikia anadhani mna wazimu. Lakini hivyo ndivyo kosa hukamatwa.

Kitabu cha mwisho alileta miaka ya elfu mbili ikiwa imeshaanza kuzoeleka. Alisema mwenyewe ni cha mwisho. "Baada ya hiki nitakuwa nashika kalamu kwa kubahatisha," akasema. Akaniwekea daftari mbili mezani, akala ndizi yake, akaenda.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimezika mtoto. Niandike tu, nimalize. Muthama, wangu wa mwisho, miaka minane, homa ya siku tatu. Nilirudi kazini siku ya nne baada ya mazishi, na mtu yeyote aliyeanza kunipa pole nilimpa kazi ya kufanya. Nyumbani, mke wangu Ndanu alikunja nguo za mtoto akaweka juu ya kabati, na jina lile likawekwa nazo. Hakulitaja. Sikulitaja. Tulikuwa tunalizunguka kama shimo la choo kilichoporomoka.

Sasa nikafungua daftari. Hadithi ilikuwa ya mtoto anaitwa Kioko, yuko kitandani anaumwa. Mgeni anafika kwa baiskeli nyeusi, suti nyeusi, orodha mfukoni, amekuja kumchukua. Mnajua ni nani. Lakini amefika Mwala, na Mwala hakuna mgeni anayehudumiwa haraka. Nyanya yake Kioko anamwambia kaa kwanza unywe uji. Uji hauko, unga unasagwa. Punda wa kuleta maji amepotea, saidia kumtafuta. Chifu anataka kuona barua ya kumruhusu. Jirani anamwomba amshikie mbuzi kidogo, harudi mpaka jioni. Mgeni anahangaika wiki nzima, suti imekuwa nyekundu kwa vumbi, na Kioko kitandani ndiye anayepanga yote, anamtuma huku na kule, anacheka mpaka anakohoa. Nilipanga nikicheka. Nilipanga kurasa ishirini na mbili kwa siku chache. Niliona inavyoenda: mgeni atachoka, atapanda baiskeli yake aende zake. Nilitaka aende. Sijawahi kutaka kitu kwenye karatasi kama nilivyotaka kile.

Nikageuza karatasi ya mwisho ya daftari. Nikasoma. Nikafunga daftari, nikanawa mikono, nikaenda kusimama nje ya karakana muda mrefu.

Niliporudi, nilipanga mstari mmoja wa kwangu: *Mgeni akachoka, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.* Nikaweka nukta. Kurasa zikatosha vizuri, hata nafasi ya picha ikapatikana.

Jumanne Mwalimu akaja. Nikamkalisha karibu na dirisha, nikamsomea, koma na nukta zake zote. Alicheka mahali pake pote, kichwa kimeinama, kidole kinapiga goti. Nikafika mstari wangu. Nikausoma.

"Endelea," akasema.

"Imeisha, Mwalimu."

"Imeisha?"

"Mgeni ameenda zake."

Kidole kikaacha kupiga goti. "Na kengele iko wapi?"

"Kengele gani?"

"Musyoka. Macho ndiyo yameharibika. Kichwa bado niko nacho."

"Herufi ziliisha, Mwalimu."

"Herufi zikiisha unavunja ukurasa uliokwisha kuchapwa. Mimi ndiye nimekaa kwa hii stuli miaka kumi na mbili nikikungoja uvunje. Usinichezee."

Nikasimama. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa napandisha sauti. "Hiyo siipangi! Tafuta fundi mwingine. Mtoto wa watu anakufa, halafu watu wacheke? Kuna nyumba zitasoma hiyo, Mwalimu. Kuna nyumba!"

"Nyumba gani?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na nje mtu alikuwa anapigia nyundo sufuria.

"Nilikuja matanga," akasema. "Hukuniona. Ulikuwa umesimama nyuma ya tangi la maji, hutaki kusalimiwa."

"Kumbe ulijua! Ulijua na bado ukaandika!"

"Nilikuwa nimeanza kabla. Nikaacha, sikuwa na mwisho. Nikaja kwako matanga, nikakaa na wamama kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Kila mtu alikuwa anaongea juu ya homa. Ilianza lini, ilipanda vipi, hospitali walisema nini. Homa, homa, homa. Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto alikuwaje. Nikaona homa imekula mtoto, sasa inakula na jina. Nikarudi nyumbani nikamaliza."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Usipange," akasema. "Kitabu ni changu, lakini mikono ni yako, na mimi siwezi kukulazimisha vidole. Kitoke hivyo, bila mwisho. Mimi nitajua na wewe utajua. Lakini nisomee mara moja kutoka kwa daftari. Mimi mwenyewe siwezi kuisoma tena, na sijawahi kuisikia."

Mtu anakuomba hivyo, utafanya nini? Nikachukua daftari. Nikasoma kama pruf, alama zote, kwa sababu zile alama zilikuwa zinanishika mkono. Ukiwa unasema "koma", huwezi kulia katikati ya neno.

"Kioko akasema koma fungua usemi, nimechoka kuwachosha nukta. Twende nukta. Lakini baiskeli naendesha mimi nukta funga usemi."

Mgeni akakataa, akasema tangu dunia ianze yeye ndiye huendesha. Kioko akamwambia umezeeka, na breki zako ni za kamba. Kwa hiyo mgeni akakaa nyuma kwenye keria, orodha ameiuma kwa meno, mikono ameshika kiuno cha mtoto. Wakaanza ule mteremko wa kutoka kanisani kwenda mtoni.

"Mgeni akapiga kelele koma fungua usemi, polepole alama ya mshangao. Polepole, utaniua alama ya mshangao funga usemi."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kabla sijakipa ruhusa. Yule wa suti nyeusi, yule aliyekuja kwangu bila kubisha hodi, amekaa keria akilia kwamba atauawa! Nilicheka mpaka kicheko kikageuka njiani. Mkishakuwa na watoto mtajua kinageuka kuwa nini. Nikafuta uso kwa kitambaa chenye wino, nikamaliza. Mama yake Kioko yuko shambani, ameinama. Anasikia kengele ya baiskeli huko mteremkoni, mara mbili. Ananyooka, anajipangusa mikono, anasema fungua usemi, huyo ni wangu nukta funga usemi.

Nimeona magari makubwa na mashine kutoka Ujerumani zinazochapa na kukunja zenyewe. Sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa na mtu kinachonishinda kuelewa kama karatasi ile moja ya daftari la shule. Mtoto amekufa, hakuna aliyedanganya. Na bado aliyeshinda ni yeye.

"Wako alikuwa anaendesha?" Mwalimu akauliza.

"Baiskeli yangu. Alikuwa mfupi, kiti hakifikii. Alikuwa anapitisha mguu katikati ya chuma, anaendesha amepinda upande kama ndizi."

Akashika kichwa. "Ngai! Na mimi nimemkalisha Kioko kwenye kiti kama askofu. Mtoto wa Mwala, baiskeli ya mtu mzima! Musyoka, weka mguu katikati ya chuma."

"Niweke mimi?"

"Nani aliona? Weka."

Nilipanga ukurasa ule mchana huo huo, yeye akiwa amekaa pale pale. Mstari wa mguu ni wangu. Kwa kazi yote niliyofanya, hayo ndiyo maneno ya pekee niliyowahi kuandika kwenye kitabu, na hamtaona jina langu hapo, lakini sasa mnajua. K ziliisha nikiwa nusu. Nikavunja ukurasa uliokwisha kuchapwa, herufi moja moja, nikarudi kumaliza. Uso wangu sikumficha. Hata hivyo asingeona.

Hapo mkitaka somo la kazi, ni hili: mkisoma pruf, someni mbele ya mwenye maneno, na someni kwa sauti. Mengine mtajifunza kwa kuungua.

Kitabu kilipotoka nilichukua nakala ya kwanza nikapeleka nyumbani. Sikumwambia Ndanu chochote. Jumapili baada ya kanisa alikuwa mlangoni anachambua mbaazi kwenye uteo. Nikaweka kitabu kando yake, nikajifanya narekebisha komeo la dirisha. Yeye amefika darasa la nane, anasoma haraka kuliko mimi. Nilimsikia akicheka kwa chifu. Nilimsikia akicheka kwa mbuzi. Halafu akageuza ukurasa wa mwisho, na mimi nikaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza.

"Nani amemwambia?" akauliza.

"Amemwambia nini?"

"Ya mguu."

Nikaweka bisibisi chini. "Ni mimi."

Alinitazama, nikafikiri atanirushia kitabu usoni, na angekuwa na haki. Akarudi kwenye ukurasa, akauwekea kidole.

"Hapa amekosea."

"Wapi?"

"Anasema amepiga kengele mara mbili." Sauti yake ilikuwa ngumu kidogo, ya kubishana. "Muthama apige mara mbili? Muthama angepiga mpaka mzee wa kijiji atoke na fimbo."

Nikaketi kizingitini. Nikamwambia mzee wa kijiji alishatoka na fimbo, mara mbili, mimi ndiye nilimtuliza na sikumwambia. Akasema alijua, Muthama alimwambia siku hiyo hiyo, akamwigiza hata anavyochechemea. Nikasema sikujua anaweza kuigiza. Akasema, wewe ulikuwa kazini. Basi akaanza kunieleza, kuanzia mwanzo, tangu alipozaliwa akiwa na nywele kama za mzee. Mbaazi zilibaki kwenye uteo mpaka jua likahama mlangoni, na bado hatukuwa tumefika siku yake ya kwanza shuleni.